Mama, Jumapili Nitaulizwa

Mama yangu,

Sisi Walutheri hatuwaombei waliokufa. Ulinifundisha hivyo mwenyewe, siku ile nilipotaka kuwasha mshumaa kama jirani zetu Wakatoliki walivyomfanyia baba yao. Ulisema aliyelala yuko mikononi mwa Mungu tayari, hana haja ya sisi kumkumbusha Mungu habari zake. Basi nikienda pale migombani unapolala nasimama tu. Mikono sijui niiweke wapi. Nang'oa jani moja au mawili, narudi nyumbani. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Kuandika sijasikia mahali popote kwamba kumekatazwa.

Naandika kwa Kiswahili. Shuleni sasa kila kitu ni Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu anasema Kiingereza changu ni kizuri kwenye karatasi ila mdomoni hakitoki. Sikumjibu, maana hata jibu lenyewe lisingetoka. Wewe unajua si Kiingereza peke yake. Watu wakizidi watatu, hata Kipare cha nyumbani kinanikwama.

Habari za hapa. Nimefika wiki iliyopita kwa likizo ya Pasaka. Mvua imeanza vizuri, ndiva, bwawa letu la kumwagilia, imejaa hadi ukingoni, na zamu yetu ya maji bado ni ileile ya Jumatano asubuhi. Hakuna aliyeichukua. Shamba la kijiji limepanuliwa mpaka kule kwenye mawe, na pembe ya msaragambo, ya kuita watu kwenye kazi ya pamoja, inapigwa mara mbili kwa wiki. Balozi wa nyumba kumi anasema mwaka huu ndugu wote tutaona matunda ya jasho letu. Baba anaenda, analima, anarudi. Jioni anapika. Ndiyo, Mama, Baba anapika! Makande yake maharage yanabaki magumu na chumvi anaweka kama analambisha ng'ombe, na sisi tunakula, na Bibi anamwambia, "Baba Namkunda, leo umejitahidi, nimevunjika jino moja tu." Baba anatabasamu kidogo. Halafu anatazama kigoda chako, na tabasamu linaisha.

Sasa lililonifanya niandike.

Jumapili ijayo ni kipaimara chetu. Unakumbuka desturi ya usharika wetu: kila mtoto anasimama peke yake mbele ya watu wote, Mchungaji anamuuliza sehemu yake ya katekisimo, na baada ya kujibu kwa maneno ya kitabu anaulizwa, "Na wewe mwenyewe unaelewaje?" Hapo hakuna cha kukariri. Sehemu zimegawanywa kwa jinsi tulivyokaa kwenye benchi. Mimi nilikaa mwisho kama kawaida yangu, na iliyoniangukia ni lile ombi la Sala ya Bwana linalohusu mapenzi ya Mungu kutimizwa.

Mama, katika maombi yote. Hilo.

Maneno ya kitabu nayajua. Nimeyasema kwa mbuzi, nimeyasema kwa migomba. Ni hilo swali la pili. Nitasema ninaelewaje? Na Shangazi atakuwepo. Anapanda kutoka Same Jumamosi, ameshatuma salamu kwamba analeta gauni langu jeupe. Yeye ni dada wa Baba na ananipenda, sisemi vibaya. Lakini kuna jambo alilosema kwenye matanga yako ambalo hukulisikia, na mimi mpaka leo linanikaa hapa kooni.

Wanawake walikuwa wanamenya ndizi nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nachota maji. Shangazi akasema, wala hakunong'ona: "Wifi yangu Mungu amlaze pema, lakini imani yake ilikuwa nusu nusu. Jumapili anaombewa, Jumatatu yuko kwenye basi anakwenda kuchomwa na mashine za watu. Mungu hawekwi kwenye foleni na madaktari."

Ndipo Bibi, mama yake mzazi, akasema bila kuinua macho kwenye kisu: "Na wewe lile jino lako la mwaka jana, lilikuja kung'olewa na malaika?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akajikata kidole. Kwenye matanga yako, Mama! Ungekuwepo ungecheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilibeba ndoo yangu nikaenda, na neno lile likaja nami. Imani nusu nusu. Likaja nami hadi shuleni. Nikipiga magoti bwenini pamoja na wenzangu, wao wanaomba, mimi namsikia Shangazi.

Nakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu: tangu Januari sijaomba. Nafumba macho tu. Najiuliza, kama Shangazi anasema kweli, basi ulikufa kwa sababu ulipanda basi. Na kama anasema uongo, basi Mungu alikusikia vizuri kabisa, na akakaa kimya. Sijui lipi ni baya zaidi.

Kwa hiyo nimekuwa nikikukumbuka. Si kwa kulia tu. Nakukumbuka kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

Nakumbuka uliporudi kutoka Nairobi mara ya kwanza. Upasuaji ulikuwa umeshafanyika Moshi, titi la kushoto limeshaondoka, na Nairobi walikuwa wameanza kukuchoma kwa mionzi. Wakakupa mapumziko ya wiki chache ngozi ipone, kisha urudi umalizie. Kifuani walikuwa wamekuchora alama kwa wino wa zambarau, misalaba midogo minne, ili mashine ijue pa kulenga. Walikukanya usiioshe.

Bibi ndiye aliyekuwa anakuogesha. Siku ya kwanza alipofungua khanga yako akaona ile misalaba, akaketi chini. Akaanza kulia kwa furaha. "Kumbe madaktari wa huko ni watu wa Mungu! Wamempiga mkwe wangu alama ya Kristo kila upande!" Akatoka nje na kitambaa cha kuogea mkononi, akawatangazia wanawake waliokuwa wanapita kwenda kanisani. Hadi Jumapili usharika mzima ulikuwa unajua kwamba Nairobi mgonjwa hatibiwi kabla ya kubarikiwa. Mzee wa kanisa akaitaja katika maombi. Na Bibi akawa anakuogesha kwa kuizunguka ile misalaba kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepalilia mche. Hata tone halikuigusa.

Mimi nilitaka kumwambia ukweli. Ukanishika mkono. Ukasema, "Mwache. Yeye anaona Mungu amefika mpaka kwenye mashine. Mimi nimelala chini ya hiyo mashine, nami sina la kumbishia."

Wakati ule nilidhani unamhurumia tu mzee. Sasa naona ulikuwa unasema unachokiamini.

Halafu ile safari ya pili, Desemba. Baba alikuwa ameumia mguu kwenye shamba la kijiji, na mimi nilikuwa likizo. Ulisema, "Namkunda atanipeleka, anajua Kiingereza." Mimi, Mama! Mimi ninayejificha nyuma ya mlango wageni wakija! Kwenye basi, kutoka Same mpaka tunavuka Namanga, nilikuwa napanga maneno kichwani, jinsi ya kuuliza choo kiko wapi, jinsi ya kumwamkia daktari. Wewe ulikuwa umelala begani kwangu. Nilihisi umekuwa mwepesi.

Wauguzi walijua Kiswahili, lakini daktari aliyekuja na picha za kifua chako hakujua. Aliongea nami taratibu, kama anavyoongea mwalimu mwema. Nilielewa kila neno. Alisema ugonjwa umeshaingia mapafuni. Alisema mashine haitasaidia tena, itakuumiza bure. Alisema afadhali uende nyumbani.

Kisha akaningoja nikwambie.

Mama, nilifungua mdomo. Kiswahili chote nilichozaliwa nikikisikia, na Kipare chote, vilinikimbia. Nilikuwa nimeshika ukingo wa shuka lako. Ndipo ukasema, "Usihangaike, mwanangu. Uso wake nimeuona. Wewe mwambie tu asante."

Nikamwambia. Sauti ilitoka, ndogo, lakini ilitoka. Daktari akainamisha kichwa akaenda.

Na alipokwenda ulifanya jambo ambalo nalifikiria kila siku. Ulikaa kitandani, ukakunja mikono, ukaomba kwa sauti ya kawaida kama unaongea na mtu aliyekaa kwenye kiti cha wageni. Nilitegemea useme kwamba unakubali. Hukusema hivyo. Ulimgombeza! Ulisema, "Baba, nimekuja huku kote. Nimekatwa, nimechomwa, nimetapika mpaka nyongo. Watoto wangu hawajakua. Kama ulikuwa na neno ungeniambia nikiwa Same, nisingepoteza nguvu zangu barabarani." Mgonjwa wa kitanda cha pili alitugeukia. Mimi niliona aibu, nikakunong'oneza kwamba Mungu hagombezwi hivyo.

Ukanitazama. Ukasema, "Nani hupiga kelele mlangoni kwa mtu ambaye hayupo nyumbani?" Kisha ukaomba uji.

Ulikunywa kikombe kizima. Siku tatu hukuwa umekunywa kitu.

Tulirudi. Kutoka barabarani wanaume walikupandisha kwa machela, wanapokezana kwenye kona, wanaimba taratibu ili hatua zao zilingane usitikisike. Katikati ya mlima ukataka wakusimamishe. Nilidhani unaumwa. Kumbe ulitaka kuangalia mashamba. Zamu yetu ya maji ilikuwa imepita mara mbili bila wewe, na mahindi yako yalikuwa ya kijani kabisa. Wanawake wa kanisa walikuwa wanafungulia maji na kumwagilia kwako kabla ya kumwagilia kwao, na hakuna aliyetuambia. Ulitazama sana. Ukasema, "Haya. Hili nalo nililiomba." Sikujua kama uliliomba. Mimi nilikuwa nadhani unaomba kupona tu.

Nilikuuliza, siku moja mchana ulipokuwa umeegemea mto na jua linakupiga miguuni. Nilikuuliza kama kufa kwako ndiyo mapenzi ya Mungu. Nilitaka useme ndiyo ili nimchukie vizuri, au useme hapana ili nisimchukie.

"Sijui," ukasema. "Hajaniambia. Mimi namwambia ya kwangu, na ya kwake atanieleza nikifika. Ila hatujanuniana."

Hayo tu. Ukanituma nikaangalie kama kuku wameingia kwenye mahindi.

Jana nilikwenda kwa Mchungaji. Nilikwenda mwenyewe, Mama, nilibisha hodi. Nikamwambia nipangiwe swali jingine. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, kwa sababu jibu la kitabu nalijua ila la kwangu sina. Alifikiri, akavua miwani. Akasema anaweza kunibadilishia, si vigumu, nimwambie tu leo kabla ya ibada ya jioni. "Lakini," akasema, "mama yako nilimtembelea mara nyingi. Kila mara alikuwa na dawa upande huu wa mto wake wa kulalia na Biblia upande ule. Sikuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa ajili ya upande wowote." Basi. Hakunihubiria. Alinipa muwa nikaondoka.

Sasa jioni inakaribia, na nimekaa hapa naandika badala ya kwenda kumjibu. Nimeshaona kwamba sitakwenda. Swali libaki langu.

Mama, hukuwa na imani nusu nusu. Sijui mengi, lakini hilo nalijua, maana mimi nilikuwa pale na Shangazi hakuwepo. Mtu wa nusu nusu angeacha kimojawapo. Angeacha kuomba pale mashine iliposhindwa, au angeacha kwenda pale safari ilipokuwa ngumu. Wewe ulikwenda kwa imani ileile uliyoomba nayo, na ulipokasirika ulikasirika kwa imani hiyohiyo. Nami nilikuwa nadhani kukasirika kwangu maana yake nimeondoka. Labda bado sijaondoka. Labda niko mlangoni napiga kelele. Asubuhi ya leo nilijaribu kumwambia Mungu neno moja. Halikuwa neno zuri. Lakini nilimwambia yeye.

Bibi anaita, jua limeshuka na mimi sijateka maji. Anasema, "Namkunda, hiyo barua ya mchumba gani isiyoisha?" Akijua ni yako ataniomba nimsomee, na mimi sitaweza.

Lala salama, Mama. Udongo wa huku juu umelowa vizuri, usiwe mzito kwako. Baba nitamwonyesha namna ya kuloweka maharage tangu usiku. Bibi nitamwogesha mimi, kwa kuwa sasa naye magoti yamegoma.

Na ninakuahidi hili. Jumapili nitakapoitwa nitakwenda mbele. Nitasema ya kitabu. Halafu Mchungaji akiniuliza ninaelewaje, nitasema mbele ya usharika wote, na mbele ya Shangazi, na gauni lake likiwa mwilini mwangu, kwamba mama yangu aliomba na mama yangu alikwenda hospitali, na kwamba mapenzi ya Mungu siyajui, ila bado naongea naye. Sauti ikikwama sitakaa chini. Watangoja. Nitabaki nimesimama mpaka itoke.

Mwanao,
Namkunda