Chukua, Lakini Kirudi

Mamangu,

Barua zote huanza kwa kuuliza hali, na yako anaijua Mola pekee, basi nianze na yetu. Sisi wazima. Ndugu yako, Mjomba Mbwana, aliugua maradhi yale yale yaliyokuchukua wewe, na amepona. Leo asubuhi amekula mkate wa mofa na mchuzi, akalalamika kwamba mchuzi mwepesi, nami nikajua kweli amepona. Na kile kipande chako tumekirejesha jana. Najua hupendi mtu aanzie habari mwisho, na mimi nimeshaanzia huko. Niwie radhi, nitarudi nyuma.

Siku Daktari alipokuja kwetu Kibokoni mara ya mwisho, ulikuwa umelala ubavu, tumbo linakusokota, choo ni damu tupu, na ile chumvi ya dawa aliyokupa haikufaa kitu. Mhindi yule hajui kubembeleza. Alisema waziwazi kwamba hajui kinachokuua, na kwamba wengi mjini wanaumwa hivyo hivyo. Akasema ukifa, na ukimpa ruhusa, atachukua kipande cha utumbo kisichozidi ukucha, akitazame kwa hadubini, darubini yake ya kuonea vidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri, na hapo nikanyamaza. Ukanitazama, ukasema, "Sema alichosema." Nikasema. Ukafikiri kidogo, kisha ukajibu vile vile ulivyowajibu majirani maisha yako yote, walipokuja kuazima kinu, kisu au kikapu: "Achukue, lakini kirudi."

Sikuweza kucheka siku ile. Nimecheka baadaye, peke yangu, mpaka nikalia.

Daktari alifanya kazi yake kwa adabu, akashona. Lakini waosha waliuona uzi, na habari ikamfika Mjomba kabla jeneza halijatoka. Wewe wamjua. Fundi wa kanzu, mshono wake hauendi upande, na hasira zake vivyo hivyo. Nikamwambia ni wasia wako. "Wasia gani usio na shahidi ila wewe na bwana wako?" Hakuningoja nimalize, akanipa kisogo. Tangu hapo, tukitoka kuswali, alikuwa akimpa mkono aliye kulia kwangu na aliye kushoto kwangu, mimi akaniruka. Mama, hilo liliniuma sana. Wewe umeondoka, na mkubwa pekee niliyebakiwa naye ananiona mtu aliyeuza mwili wa mamake.

Nikajitia kwenye kazi yangu ya kumsaidia Daktari hospitalini. Daktari aliniambia niende nyumbani, amtafute mwingine wa kumsaidia. Nikamwambia mamangu hatashughulikiwa na mgeni.

Kipande kilikaa kwanza ndani ya spiriti, kisha tukakizamisha katika nta, ikaganda, tukaikata kwa wembe vipande vyembamba mno hata ukipumua vinaruka. Kila kimoja tukakilaza juu ya kioo. Na hapo huoni kitu, maana nyama nyembamba vile haina rangi. Ndipo inapotiwa rangi mbili, moja buluu inayotoka katika gogo la mti, nyingine nyekundu. Mara ya kwanza niliiacha ikazidi, kioo chote kikawa chekundu, huku hakujulikani na kule hakujulikani. Nikakukumbuka uani, unatokosa ukindu wa mikeka katika rangi. Ulikuwa ukiutoa mmoja, unausuuza, unautazama juani, ndipo uamue kama chungu kiepuliwe. Basi nami nikafanya hivyo. Natia, nasuuza, natazama, narudisha.

Kisha tukaona. Utumbo wako ulikuwa na vishimo vidogo vilivyopangana safu kwa safu, vizuri ajabu, mpaka unafika mahali pameliwa. Pale palikuwa na kidonda chenye mdomo mwembamba na tumbo pana, kama mtungi. Ndani yake wamejificha wadudu mviringo, wamemeza damu yako. Na kuwazunguka, chembe za buluu zimejazana, hazina hata nafasi ya kupita. Nikauliza hizo ni nini. Daktari akasema ni walinzi wa mwili, wamekimbilia penye moto, ndiyo maana pakavimba pakawa pekundu.

Nilikaa kitako. Siku zile za mwisho ulikuwa kimya, nikadhani umejiachia. Kumbe ulikuwa unapigana, mamangu. Niliwaona walinzi wako.

Kabla mvua hazijakatika, Bi Rukia, mke wa Mjomba, akanijia mwenyewe hospitalini, buibui limelowa. Mjomba anaharisha damu, na hataki nijue. Nikaenda na Daktari. Mjomba akageukia ukutani. Lakini safari hii Daktari hakukimbilia ile chumvi. Alitaka choo kingali na joto, akakitia chini ya hadubini, na wale wadudu aliowajulia kwako akawakuta humo wanatambaa. Akampa unga wa mzizi mchungu, aumeze amelala chali, asinywe maji, maana unachefua vibaya. Usiku wa pili damu ikapungua. Baada ya siku chache ikakoma. Alhamdulillahi.

Alipoweza kuketi, Mjomba akaniuliza, bado hanitazami, "Mmejuaje?" Nikamwambia ni kwa kile kipande. Na kwa kuwa hakuwa na nguvu za kunipa kisogo, nikamweleza yote mpaka mwisho. Nikamwambia ulivyosema: achukue, lakini kirudi.

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Huyo ndiye Mwanaisha," akasema. "Alinidai mkasi wake mbele ya wageni wa harusi yangu." Kisha akalia kweli, nami nikalia.

Alipopata miguu akataka kuona. Daktari akaweka hadubini dirishani, akaelekeza kioo chake cha chini, cha kuakisi mwanga, kwenye jua. Mjomba akafumba jicho moja kama anayetunga uzi sindanoni, akatazama muda mrefu. Nikangoja. Akasema, "Nyekundu hii haijakolea. Dadangu angeirudisha chunguni."

Jana tukaja kwako. Alikuwa amemwuliza mwalimu wa msikitini, akaambiwa kizikwe kwa heshima. Akakata kitambaa cheupe katika jora lake zuri, akafunga nta iliyobaki na vile vioo, akachimba mwenyewe karibu na miguu yako, hataki nimsaidie. Lakini kabla ya kufunga akatoa kioo kimoja, akanitia mkononi. "Hiki mwazime Daktari. Wengine wataumwa. Lakini…" Hakumaliza, na hakuwa na haja. Tulipokwisha kuomba dua akanyoosha mkono nimwinue, na hakuuachia mpaka tukafika nyumbani.

Kioo chako kiko dirishani kwa Daktari. Wanaoanza kazi huwaonyesha hicho kwanza, na mimi ndiye ninayekifuta vumbi. Sikuandika jina lako juu yake, wewe si mtu wa kutazamwa na kila mtu. Lala kwa amani, mamangu, Mola akupanulie kaburi. Siku watakapokuwa hawakihitaji tena, nitakuja nacho mwenyewe. Kitarudi.

Mwanao,
Athumani