Zizi Lililotupa Jina

Low Barn,
Kirkby Sallow,
Yorkshire.
16 Mei

Mpendwa Bibi Cecily,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji? Na theluji ya huko Saskatchewan imekwisha, au bado mnavaa makoti mpaka jikoni? Sisi ni wazima wa mwili. Babu alishikwa na kikohozi mwezi wa nne, akakataa kwenda kwa daktari kwa sababu kondoo walikuwa wanazaa, mpaka kikohozi chenyewe kikachoka kikaenda zake. Mimi ninajiandaa kwa mitihani. Asante kwa kile kitabu cha ndege. Nimekisoma chote, hata faharasa.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kukuandikia habari za harusi ya dada yangu Hester zikiwa njema. Sasa harusi imepita, na habari ni kama zilivyo.

Unajua Babu anavyolipenda jina letu. Tangu nikiwa mdogo hunipandisha mlimani kunionyesha mabaki ya zizi. Mawe yaliyobaki hayanifiki hata magotini, lakini yeye akifika pale huvua kofia. Nimesoma kwamba zamani sana watu wa huku hawakuwa na majina ya ukoo. Kina Adam walipozidi kijijini, mmoja akaitwa Adam wa kinuni, mwingine Adam mwekundu, na wa kwetu, Babu anavyosimulia, alikuwa akilala na kondoo maksai wa mwenye ardhi, basi akaitwa Adam wa Wetherfold, yaani wa zizi la maksai. Hester hawezi kuliacha jambo hilo lipite.

"Babu, ukoo mzima umepewa jina la waliohasiwa," humwambia mezani, "halafu unashangaa wanaume wametuishia?"

Zamani Babu alikuwa akicheka mpaka chai inamtoka puani. Mwaka huu hakucheka. Baba alikuwa mwanawe wa pekee, na tangu Baba afariki tumebaki Hester na mimi. Siku Hester aliposema kwamba akiolewa na Callum Boyle ataitwa Hester Boyle, Babu aliweka uma chini, akatoka kwenda kuwaangalia kondoo ambao ndio kwanza alikuwa ametoka kuwaangalia.

Usimlaumu Hester. Mama alipoolewa tena alihamia Bristol na jina jipya, na ni Hester aliyekuwa akiulizwa shuleni kwa nini mama yetu haitwi kama sisi. Aliniambia anataka nyumba yenye jina moja tu mlangoni.

Basi ndoa ikaanza kutangazwa kanisani. Jumapili ya mwisho ya matangazo nilikuwa nimekaa ubavuni mwa Babu. Kasisi Philippa alisoma majina yao, akauliza, kama ilivyo desturi, iwapo kuna mtu anayejua sababu ya haki ya kuwazuia hawa wawili. Nikasikia benchi likilia. Babu alikuwa amesimama.

"Edmund," Kasisi akasema, "umesimama kwa ajili ya hili, au mguu umekufa ganzi?"

"Ninayo sababu."

"Sababu gani?"

"Jina litakwisha."

Bi Tordoff akapaza sauti kutoka nyuma: "Hebu keti, Edmund! Sisi wengine tuna nyama kwenye oveni!" Kanisa zima likacheka. Kasisi hakucheka. Alimwambia kwa upole, "Hiyo ni huzuni, Edmund. Si kizuizi." Babu akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Alasiri ile Callum alikuja nyumbani peke yake, nywele amezilowesha akazichana. Yeye ni fundi wa matrekta na hajui kuzunguka na maneno. "Mzee," akasema, "mimi jina langu silioni kitu. Nitachukua lenu. Mradi roho yako itulie."

Bibi, nilidhani mambo yamekwisha. Hata Hester, aliyekuwa ngazini akisikiliza, alishuka vidato viwili. Lakini Babu alimtazama kutoka viatu mpaka nywele, akajibu, "Jina si koti la mtumba, kijana, kwamba mtu akiona baridi hulivaa." Callum akawa mwekundu, akaaga. Hester alimkimbilia nje, na usiku huo hakurudi.

Juma lile nilikwenda na Babu makaburini, maana bado tunasugua mawe ya ukoo kila masika. Lipo moja chini ya mti wa mwaloni ambalo Babu huliruka siku zote. Safari hii nililisugua mimi. Chini ya kuvu palikuwa pameandikwa: Joseph Sugden, aitwaye pia Wetherfold, mume wa Alice Wetherfold. Nilielewa papo hapo. Nyumba ilikuwa imebaki na binti mmoja, Joseph akamwoa, akaingia katika shamba na katika jina. Sisi sote tumetoka kwake.

"Ulijua, Babu?" nikamuuliza.

"Baba yangu alinionyesha nikiwa mdogo kuliko wewe."

"Basi kwa nini umemkatalia Callum?"

Alikamua kitambaa. "Joseph aliliomba," akasema. "Huyu amenihurumia."

Laiti ningemwendea Callum jioni ile nikamwambia arudi, aombe. Lakini unanijua, Bibi. Nilipanda chumbani nikafungua kitabu, nikijiambia kwamba watu wazima watalimaliza wenyewe.

Asubuhi ya harusi viatu vya Babu vilikuwa mlangoni, vimeng'arishwa. Saa ya kuondoka vilikuwa bado pale, na viatu vyake vya matope havipo. Hester alingoja garini mpaka dereva akaanza kukohoa. Kisha akanipa mkono wake, akasema, "Twende, Tamsin. Usinikanyage gauni." Mimi ndiye niliyemfikisha mbele. Alikuwa mzuri sana, na kila mlango ulipolia aligeuza shingo.

Juzi Babu aliniuliza kama Hester alitembea vizuri. Nikasema ndiyo. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulijua: kwamba hata wewe, dada yake, ulipoolewa, yeye alikuwa mlimani siku nzima, na ulipopanda meli hakuja kukuaga.

Tafadhali nisalimie Babu Anders, na Marit na Joel, na mwanambuzi wa Joel kama bado wanamlisha jikoni. Hester anasema atakuandikia akipata nguvu. Mungu akulinde wewe na goti lako, na akufikishie barua hii mikononi.

Nimeiandika kwa sababu Babu ameniagiza. Alisema, "Mwandikie Cecily. Mwambie kwamba mimi," kisha akanyamaza, akaenda kwa kondoo. Nimemngoja tangu juzi amalizie. Hajamalizia, kwa hiyo nakupelekea kauli yake kama alivyoiacha.

Mjukuu wako akupendaye kwa moyo wote,
Tamsin Wetherfold