Taa za Hanuka za Rumiya

Matrah, Maskati
18 Novemba 1966

Dada yangu Rumiya,

Salamu nyingi za mapenzi zikufikie huko Mombasa. U hali gani? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Tangu Harub mume wangu kwenda kutafuta kazi Kuwait, nnazungumza na kuta. Wanawake wa hapa walikicheka Kiarabu changu, nami nikaufunga mlango. Hata sala nnasali kwa uzito.

Jana magharibi nilikukumbuka. Tulipokuwa majirani Unguja, kila mwaka ukiwasha taa zile dirishani, nami sikukuuliza maana yake. Ni nini, dada?

Mdogo wako,
Mahfoudha


Mombasa
9 Desemba 1966

Mdogo wangu Mahfoudha,

Mimi mzima, alhamdulillahi. Barua yako imenikuta kwenye Hanuka yenyewe.

Zamani mfalme dhalimu aliwakataza wazee wetu Mayahudi kumwabudu Mungu, akainajisi nyumba Yake Yerusalemu. Walipoikomboa, walikuta kichupa kimoja tu cha mafuta safi, ya kuwaka siku moja. Yakawaka siku nane. Ndiyo maana tunawasha taa moja usiku wa kwanza, mbili wa pili, mpaka nane. Nuru huongezwa, haipunguzwi. Wala hatushoni kwa mwanga wa taa zile, wala hatupiki. Ni za kutazamwa tu.

Marehemu baba akituuliza: "Siku ya kwanza mafuta yalitosha. Basi muujiza wake uko wapi?" Akajijibu mwenyewe: "Ni kuwa waliwasha, na ya kesho hawayajui."

Huwekwa dirishani mpita njia azione. Lakini wazee walisema, ukiwa na hofu, weka mezani kwako, yatosha. Mwaka huu nimeweka mezani. Wanangu wote wako Uingereza. Nnaimba peke yangu.

Dada yako,
Rumiya


Matrah, Maskati
30 Januari 1967

Dada yangu,

Natumai hujambo. Barua yako ilinifikia ndani ya Ramadhani. Siku ile nilipika mkate wa kumimina, nikamgongea jirani yangu Aliya kabla ya adhana. Kiarabu chote kikanipotea mlangoni. Akautazama mkate, akanitazama mimi.

"Siku zote hizi nilidhani hututaki," akasema.

Tukafuturu pamoja. Harub hajaandika, na nyumba ingali kimya. Lakini sala nnaisali, singoji moyo upoe kwanza.

Wewe unaimba na nani?

Mdogo wako,
Mahfoudha


Mombasa
14 Oktoba 1969

Mdogo wangu,

Usidhani nimekutupa. Barua zako zote zimefika. Macho yamekwisha, na hii ananiandikia Hamdiya, binti wa hapa jirani.

Wanangu wanakuja kunichukua. Waliondoka wadogo, Kiswahili wamekisahau. Wajukuu hawakijui kabisa. Huko sitakuwa na wa kunisomea. Hamdiya ananambia nikwambie usijisumbue tena.

Nimemwambia aandike hivi: andika, Mahfoudha. Barua zako nitazishika mkononi.

Dada yako,
Rumiya