Daktari Wako Bado Yuko Mlangoni

Kaka Msomi,

Shikamoo, nakuamkia kwa amri ya mama. Hujambo? Mwili haujambo? Kama una mafua, yasiwe na haraka ya kukutoka. Huku sote wazima. Mdogo wetu naye mzima, masikio yake ni yale yale uliyoyaacha.

Kitabu chako nimekisoma. Ndiyo, mimi niliyeacha shule njiani, cheka uchoke. Hapa kiwandani mshona vitabu ni mimi, na chako nimekishona huku nakisoma, roho ikinichemka. Hivi huyo binti kiziwi umemwokota wapi? Kovu la kidevuni ni la mdogo wetu, kicheko ni chake, halafu kutwa umemliza dirishani kama paka aliyenyeshewa. Anasoma midomo gizani! Anasoma hata ya mtu aliyempa kisogo! Kaka, huyo si kiziwi, huyo mchawi. Na ishara za mikono hajui hata moja, kwa kuwa wewe mwenyewe hujui hata moja. Miaka yote tukiwa mezani, akiuliza tunacheka nini, ulikuwa unamwambia utamweleza baadaye. Baadaye yenyewe ndiyo hii?

Alikuomba kwa adabu uitoe sura ya mwisho, ile ya daktari kumtibu binti akasikia mpenzi wake akimwita, maana kitabu kinakwenda kusomwa shuleni kwao. Ukamjibu kwamba vijana wanapenda machozi, na kwamba yeye mambo ya fasihi hayawezi. Yeye, anayeliburuza darasa zima! Basi habari za muujiza zimewafikia wenzake, na sasa wanampigia makofi kisogoni wapate kujua kama amepona. Juzi alirudi akatupa mkoba, akaniambia kwa mikono kwamba siku kitabu hicho kikifika, shule basi.

Sasa nisikilize, wewe mwenye masikio. Kitabu hushonwa kwa mafungu ya kurasa. Fungu la mwisho, lenye muujiza wako, sikulishona. Msimamizi alipotoka kupokea simu, rundo zima nililipitisha kwenye kisu cha mashine, likawa makapi. Gari la kupeleka vitabu shuleni limeondoka asubuhi hii. Hadithi yako sasa inaishia daktari akibisha hodi, na binti, kiziwi wa watu, anaendelea kukaanga mayai yake.

Nilipomwonyesha mdogo wetu, alicheka mpaka akakaa chini. Anasema hapo tu ndipo ulipoandika ukweli. Kesho anakwenda shule. Mimi kazini sijui. Wakinitimua nakuja kukaa kwako, kwa hiyo tandika kitanda, na mto uwe laini.

Mama anakusalimu sana. Mdogo wetu pia amekutumia salamu, kwa ishara ambayo mkono wangu unaona haya kuiandika.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi mshonaji, ambaye kiwanda kizima hakijampata wa kumfikia