Vikombe Vinne vya Unga Si Kilo Mbili

Shangazi mpendwa, nakuomba uninusuru, mwenzio nimekwama na aibu imenijaa. Mimi ni kibarua wa kubeba matofali kwenye ujenzi, mbali na nyumbani, mgongo unalia kila nikiinama, sasa mpishi wetu ameacha kazi, nyapara akauliza nani anajua kuoka mkate, nami nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo, kwa sababu mke wangu anaoka mkate ambao majirani huufuata kwa harufu, nikajua akinielekeza kwa simu nitaweza. Akanielekeza: unga vikombe vinne, sukari nusu kikombe, maji kikombe na nusu, hamira kijiko, chumvi kidogo. Kikombe chenyewe ni kile chetu kikubwa cha bati. Lakini huku stoo hawajui kikombe, kila kitu kinatolewa kwa mizani, ukitaja kikombe mtunza stoo anakutazama kama umemwomba mshahara wake, nami shule niliishia njiani, basi nikatafuta kikombe kinachofanana na chetu, nikajaza maji, nikapima, nikaona maji yenyewe ni nusu kilo, nikasema yamekwisha, kikombe ni nusu kilo, nikachukua unga kilo mbili.

Shangazi, kuukanda tu kulinitoa jasho kuliko zege. Ulipoiva, jamaa tunayemwita Msumari akaugonga mezani, akauliza, "Fundi, huu tuule au tuujengee?"

Mwingine akadakia, "Mwacheni, mkono umezoea matofali."

Hata nyapara alicheka, ila akasema, "Jumapili ijayo jaribu tena. Ukishindwa, unarudi kubeba."

Nikampigia mke wangu, nikamwambia umenificha kitu, hutaki nijue siri ya mkate wako. Akasema, "Baba watoto, siri gani, nami nimekutajia mpaka chumvi?" Nikabisha, akakata simu, na tangu hapo salamu zake zinapitia kwa mama mkwe. Nifanye nini nisirudi kwenye matofali, na mke naye nisimkose?

Mkanda Zege

Mwanangu Mkanda Zege, pole kwa mgongo. Kwa mkate nakuhurumia, kwa mkeo nakugombeza. Mtu amekupa mkate wake wote kwenye simu, wewe unamwita mchoyo!

Kikombe hupima nafasi, mizani hupima uzito. Na wewe mbeba mizigo ndiye wa kunifundisha hilo: ndoo ya mchanga na ndoo ya maranda ya mbao, zote zimejaa, utakimbilia kubeba ipi? Unga una hewa. Kikombe kinachochukua nusu kilo ya maji, ukikijaza unga utapata robo kilo na ziada kidogo. Kwa hiyo ulitia unga karibu maradufu, na maji ukayaacha palepale. Hapo hata mwokaji hodari angetoa tofali. Sukari nayo ina uzito wake, inazidi unga lakini haifikii maji. Usitafute namba moja ya kutawala vyote.

Tena achana na kikombe "kinachofanana". Mkeo achukue chake, aende kwenye mizani ya dukani. Kwanza akipime kitupu. Kisha ajaze unga kama anavyojaza siku zote. Kama huuchekecha, auchekeche, asiushindilie, asawazishe juu kwa kisu. Apime, atoe uzito wa kikombe. Kwa sukari na maji vilevile. Akutumie namba za kikombe kimoja kimoja, wewe uzidishe: unga mara nne, sukari nusu, maji moja na nusu. Hamira na chumvi endelea na kijiko, mizani ya stoo haioni vitu vidogo hivyo. Halafu oka mmoja mdogo kabla ya Jumapili, uule mwenyewe.

Ila nani aende dukani na kikombe mkononi kwa ajili ya mume aliyemtukana? Mpigie leo. Usianze na unga. Sema samahani, kisha unyamaze, hata akikucheka, mwache acheke mpaka atosheke. Akimaliza kucheka, ndipo uombe namba.