Debe la Togwa na Kamba Nne

Jumapili, 3 Novemba

Nimeosha pikipiki. Nimekaza mnyororo. Nimepeleka watu misa, nimewarudisha. Katoro nzima hakuna bodaboda kama mimi. Mwanza nimefika, Kahama nimefika, Burundi nimeichungulia. Shule niliishia kidato cha pili. Hasara ni ya shule.

Mke wangu, Mama Kulwa, anarudia mtihani wa kidato cha nne. Asipofaulu fizikia, chuo cha uuguzi hakimchukui. Leo kafunga kitabu. Eti anaacha, kichwa chake ni cha kuuzia dagaa. Nimeumia. Sikumwonyesha.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwambia mwendo ndiyo kazi yangu, nitamfundisha mimi. Mchapuko nimeuelezea kwa pikipiki: ukivuta mafuta, spidi inaongezeka kila sekunde, ukishika breki, inapungua. Kaelewa kabla sijamaliza kujisifu.

Halafu kaniuliza: spidi ikiwa mara mbili, nitahitaji umbali gani kusimama? Mara mbili, nikasema. Kapiga hesabu, kapata mara nne. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Akafuta jibu lake. Kicheko kikaniishia.

Jumamosi, 9 Novemba

Uwanja wa mnada, siku isiyo na ng'ombe. Kijiwe kizima cha bodaboda kimekuja kushuhudia: ni mara mbili au mara nne. Tumechora mstari wa majivu pa kushikia breki, tukapima kwenda mbele kwa kamba ya ng'ombe.

Kwa spidi ishirini nimesimama kamba moja. Safi. Ikaja zamu ya arobaini. Nikaweka debe la togwa mbele kidogo ya kamba ya pili, nikisimama tu watu wanywe.

"Baba Kulwa, lisogeze! Lipite kamba ya nne!" akapaza sauti mke wangu.

"Shemeji, mwache," akasema Masanja, mwenzangu wa kijiweni. "Huyo breki zake ziko mdomoni."

Nimeshika breki palepale kwenye majivu. Debe nikaligonga, togwa mpaka masikioni. Nimekuja kusimama karibu kabisa na kamba ya nne. Kijiwe kikalala chini kwa kicheko. Masanja anataka turudie kwa maziwa.

Mama Kulwa hakucheka. Alikuwa anaitazama tairi, halafu majivu, halafu tairi. Kisha akanieleza mbele ya wote. Breki inapunguza spidi kwa kiasi kilekile kila sekunde. Spidi mara mbili, muda wa kusimama mara mbili. Na muda wote huo nakwenda kwa kasi mara mbili. Mbili mara mbili.

Nimewanunulia wote soda. Nimeshindwa na mke wangu na nina furaha kama nimeokota dhahabu.

Jumapili, 10 Novemba

Sikulala vizuri. Pale wanapovukia watoto wa shule huwa napita na arobaini, nikiiamini mikono yangu. Nimeogopa sana. Leo nimepita na ishirini. Masanja kanipita, kaniita bibi harusi.

Apite.

Jumanne, 19 Novemba

Mtihani wa fizikia. Nimempeleka, nimemsubiri nje, sikupakia abiria. Ametoka, kaomba maji. "Nimejibu yote," basi. Matokeo hatujui.

Sasa kasinzia kwenye kiti, viatu miguuni. Nimewatuma Kulwa na pacha wake wakacheze kwa jirani. Nimesonga ugali, umekuwa mgumu kidogo, lakini hakuna mwanaume hapa anayenifikia. Wake nimeufunika. Namvua viatu polepole.