Karakana Haina Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mwandiko umeenda upande. Mimi! Mimi ninayechonga jino la nta huku napiga soga!

Asubuhi nimekuta karatasi imegandishwa kwa gundi mlangoni mwa karakana yetu ya meno bandia, juu kabisa ya ile picha ya meno yanayocheka peke yake. Sheria mpya za vibali. Nimesoma nimesimama, begi begani. Mgeni mwenye kibali cha kazi cha muda ana siku tisini. Ndani ya siku hizo amfundishe raia mmoja kazi yake yote, atie sahihi kwamba mrithi amefuzu, kisha aondoke nchini. Asipopatikana mrithi, mwekezaji wa kigeni aliyemwajiri ananyang'anywa kibali na yeye, na biashara inafungwa.

Nikasoma tena, nikidhani ni macho. Miaka kumi na tisa nagongewa muhuri ule ule: "kibali cha muda". Muda gani huo wa miaka kumi na tisa!

Mzee Msasa kaja nyuma yangu. Ndiye anayeng'arisha meno nikishayatengeneza. Mwenyeji wa hapa, mdomo wake hauna breki. Kasoma, kasema wahenga hawakukosea, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikamwambia jembe nimelishika mpaka mpini umelika, leo ndiyo naambiwa nilirudishe? Hakucheka. Mtu yule wa kucheka hata msibani! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Jumanne, 4 Machi

Bosi naye mgeni, ila yeye ana kibali cha mwekezaji, na siku zote nilidhani wa aina yake hawaguswi. Leo kakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kichwa mikononi. Kasema, Fundi, wewe ukikosa mrithi, mimi sina changu hapa. Kauliza kama namjua raia yeyote mwenye mkono mwepesi, maana Mzee Msasa macho yamechoka. Nimesema simjui.

Nani anatafuta mtu wa kumtoa kwenye kiti chake mwenyewe?

Ijumaa, 7 Machi

Jamani, jamani!

Mrithi kapatikana. Naitwa ofisini nikaonane naye. Nafungua mlango — kakaa pale, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani — Kijino! Binti yangu! Wa kumzaa mwenyewe!

Nimeshika meza.

Kijino ni raia. Baba yake alikuwa mwenyeji, akafa mtoto ana miaka mitatu, hatujafika hata kwa msajili wa ndoa. Mtoto akamwachia uraia, mimi akaniachia foleni ya vibali. Sasa ana miaka ishirini na miwili, cheti cha chuo kiko kabatini, kazi hakuna. Kaomba kimyakimya. Bosi hakusita hata kidogo, anamjua tangu akitoka shule anapita hapa kuokota vipande vya nta.

Nikamwuliza, wewe, umeelewa? Ukiiweza kazi hii mimi naondoka! Kasema, Mama, akiichukua mtu baki si utaondoka vilevile? Bora kiti kibaki nyumbani.

Yeye katabasamu, mwanya ukatokeza. Mwanya huo kautoa kwangu. Meno yetu mawili ya mbele hayajawahi kusalimiana, ndiyo maana namwita Kijino.

Nimempa sharti moja tu. Karakana haina mama. Ukivuka mlango huu mimi ni Fundi, sitaki kusikia kiti kimepitishwa chini ya meza. Kasema, sawa, Mama. Nikamkazia, Fundi! Sawa, Fundi.

Jumatano, 19 Machi

Kijino kamwaga plasta. Kaunguza nta. Ufizi kauchonga mnene kama soli ya kiatu. Mzee Msasa kamwuliza kama meno hayo ni ya mtu au ya ngamia.

Siamini. Mtoto huyu huyu akiwa na miaka tisa alichonga jino la mbwa kwa nta, nikalizungusha mtaa mzima kama picha ya harusi.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefua mapazia. Sijui kwa nini, siyachukui. Kijino kanikuta nimekaa sakafuni na pasipoti. Kakaa pembeni yangu, kichwa begani. Nyumbani naruhusiwa kuwa mama.

Huko kwetu aliyebaki ni shangazi mmoja. Kwenye simu huniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimepatwa na jambo!

Kaja mteja wetu, Mwalimu Mstaafu, kujaribu meno aliyotengenezewa na Kijino. Kayavaa, kajiangalia kwenye kioo, kafungua kinywa: "Thatha, Fundi, mbona thijielewi?" Mzee Msasa kakimbilia nje kucheka. Kijino kainamisha kichwa, pole, Mwalimu, nimekosea.

Nikayapeleka dirishani. Meno mawili ya mbele yamesogezwa nje, kidogo sana, yote mawili kwa kiasi kile kile. Sawasawa kabisa! Asiyejua kazi hakosei sawasawa.

Nimefungua droo yake. Chini ya msasa, ndani ya kitambaa chake cha kichwa — meno mengine, ya kinywa kile kile cha Mwalimu. Kamilifu. Ufizi una vijishimo vyake, rangi inafifia inapotakiwa kufifia. Mimi sijawahi kutengeneza ufizi ulio hai namna ile. Sijawahi!

Nikamvuta stoo ya plasta. Kasema watu wanasema mrithi akishindwa siku zinaongezwa. Watu gani? Watu tu, kwenye simu. Nimemkaripia mpaka nje mashine ya kung'arisha ikazimwa. Nimemwambia, kinywa cha mtu si mahali pa kugombana na serikali! Yule mzee amefundisha watoto kusoma miaka arobaini, wewe unamfanya aseme "thatha"? Kalia. Kasema, Mama, mimi sitaki uende.

Nikamwambia: Fundi.

Neno lile limenirudi njia nzima ya kwenda nyumbani.

Jumatatu, 5 Mei

Mwalimu Mstaafu kavaa meno ya kwenye kitambaa. Kasimama katikati ya karakana, katusomea gazeti, "s" zote zimekaa. Kauliza ni kazi ya nani. Nimesema ya mrithi wangu. Nimejivuna mpaka kifua kinauma, na sijui kilikuwa kinauma kwa kujivuna au kwa lile jingine, la kuondoka.

Jumatano, 28 Mei

Niandike haraka kabla sijajiambia nimeota.

Asubuhi nilikwenda uhamiaji kuuliza karatasi za kuondokea. Karani wa dirisha la nne, msichana ana mafua, kauliza kama naacha mtu hapa. Nikasema binti. Raia? Raia. Leso ikamtoka mkononi. Kasema, mama yangu, mbona hukusema siku zote hizi? Mzazi wa raia ana fomu yake! Unabaki na mwanao, kufanya kazi ndiyo huruhusiwi. Iko kwenye sheria hizi hizi, ukurasa wa nyuma.

Ukurasa wa nyuma!

Ule wa mlangoni umegandishwa kwa gundi! Karibu miezi mitatu nafungua mlango huo kila asubuhi, nafuu yangu imelala kifudifudi juu ya mbao!

Nimerudi nusu nakimbia, nimepoteza kifungo cha koti. Nikamwambia Bosi nabaki, nabaki, nitakaa nyumbani nipike tu! Bosi hakufurahi. Kavuta droo, kanipa fomu ya mrithi, ile nitakayotia sahihi Ijumaa akija Mkaguzi wa vibali. Kaweka kidole mstari wa kumi na mbili. "Uhusiano wa mkufunzi na mrithi." Chini yake, kwa maandishi madogo kama mchwa: wakiwa ndugu, mafunzo ni batili.

Nikamwuliza tangu lini unajua. Kasema tangu wiki iliyopita. Kasema bila kunitazama, andika "Hakuna", Fundi. Neno moja tu.

Nikiandika "Hakuna", Kijino ana kazi, Bosi anabaki, Mzee Msasa anabaki, na mimi nimemkana mwanangu kwa mkono wangu. Sina tena fomu ya mzazi, naondoka. Nikiandika "Mama", nabaki naye, na karakana inafungwa Jumapili, siku ya tisini. Hana kazi yeye, sina kazi mimi, tunatazamana.

Sharti la "Fundi" lilikuwa langu mwenyewe. Nilidhani ni adabu ya kazi.

Alhamisi, 29 Mei

Nimemwambia Kijino wakati wa chai. Hakufikiri hata kidogo. Andika "Mama", kasema, kazi nitatafuta. Nikamwambia umetafuta miaka miwili. Kasema basi nitatafuta wa tatu.

Baadaye nimemwona anafuta vifaa vyake kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeaga. Mikono ile! Mikono ile ikae bure?

Ijumaa, 30 Mei

Niko stoo, nimekalia gunia la plasta. Nimemwambia Mkaguzi nafuata miwani. Miwani iko kichwani.

Kaja saa nne, mtu mpole, viatu vinalia. Kijino kamimina plasta kwenye kalibu, kachonga, kapanga meno, mkono haukutikisika. Mkaguzi kasema hajaona mwanafunzi kama huyu. Bosi kanipa kalamu. Mistari yote nimejaza. Wa kumi na mbili mtupu.

Nawasikia, mlango huu ni wa mbao nyembamba. Mkaguzi anauliza, na huyu fundi aliyekufundisha, ni nani wako?

Mzee Msasa kazima mashine.

"Ni fundi wangu."

Kijino! Kasema wazi, bila kigugumizi. Jana kaniambia andika "Mama", leo neno la kunikana kalisema yeye mwenyewe ili mimi nisiliseme. Limenichoma hapa, chini ya titi.

Mkaguzi anacheka. Anasema ajabu, nimewatazama asubuhi nzima, ule mwanya wenu utadhani mmetoka kalibu moja. Eti, mzee, wewe huoni?

Mzee Msasa hajibu. Mdomo ule usio na breki, leo hajibu!

Viatu vinalia, vinakuja huku. Fundi, ananiita, acha miwani, hebu toka kidogo. Hebu cheka nikuone.

Naja, nimesema. Nimesema huku nimefunika mdomo kwa kiganja.